Nyama Isiyo na Shingo

Jumapili, Julai 2014
Area 25, Lilongwe

Baridi leo, shajara. Upepo unavuma tangu alfajiri, vumbi la mtaa mzima limehamia kwenye kizingiti changu na sijafagia. Nimevaa sweta la Deo juu ya kitenge, nimekaa mbele ya cherehani na sishoni kitu. Sketi za sare za watoto wa watu zimejaa kapu. Zitangoja.

Jana nililipiza kisasi.

Nilidhani leo ningeamka mwepesi. Nimeamka na hasira ile ile, ila imebadilisha mahali pa kukaa. Ngoja niandike sasa hivi, maana nikiacha mpaka wiki ijayo nitaanza kujipendelea.

Kama ni mara yako ya kwanza kupita hapa, jua kwamba nina wifi. Ni dada mkubwa wa mume wangu Deo, anaitwa Veronika, na sisi wote tunamwita Yaya Vero; yaya kwetu ni dada mkubwa. Anakaa kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, kwenye nyumba ya matofali mabichi aliyoisimamisha kwa mikono yake tulipofika kutoka Bukavu. Tangu mama mkwe alipofariki, yeye ndiye mkubwa wa familia. Na katika familia ya mume wangu, mkubwa ana kazi moja ambayo hakuna mwingine anayeigusa: kugawa nyama. Anunue nani, apike nani, haidhuru. Sufuria ikishatua chini, Yaya Vero anavuta kigoda, anafungua kitambaa, anatoa upawa wake wa alumini uliopinda mkono, na anaanza.

Ndiyo, anatembea nao. Hata akija kwangu mjini, upawa uko mkobani, pamoja na rozari.

Hamwulizi mtu anataka nini. Deo anapata paja. Bienfait, mdogo wao, anapata paja la pili. Watoto wanapata ini na vipande laini.

Mimi napata shingo.

Akichinjwa kuku, shingo. Akichinjwa mbuzi, shingo. Siku ya ubatizo wa binti yangu Ombeni, mbuzi mzima alikwenda motoni, na mimi mama wa mtoto, niliyeamka usiku kukoroga na kuosha na kukaribisha, nikatiliwa shingo na mchuzi juu yake. Nikasema asante. Mke wa mdogo hamjibu dada wa mume mbele ya sufuria, hata akipewa jiwe.

Mwaka wa kwanza nilijiambia ni bahati mbaya. Kisha nikamsikia, nikiwa nyuma ya ukuta ninaanika nguo, akimweleza jirani yake: "Ule ni mutoto wa mupishi wa bamaseri. Kwabo bamezoea mabaki."

Bamaseri ni masista. Mama yangu alikuwa mpishi wao Bukavu tangu kabla sijazaliwa. Alipika vitu ambavyo Yaya Vero hajawahi kuviona hata kwenye kalenda, na hakuwahi kuleta nyumbani hata mfupa mmoja, kwa sababu mama sista aliyesimamia jiko alikuwa na macho nyuma ya kichwa. Mama alirudi na harufu tu kwenye nguo. Sisi watoto tulikuwa tunamvua kitenge na kukinusa, tukibishana leo walikula nini. Mama huyo amelala kule kule Bukavu, na huyu mwanamke anamwita mla mabaki.

Tangu siku ile kila shingo niliyotafuna nilimtafuna yeye. Hasira yangu najua inakaa wapi: iko katikati ya meno, pale nyuzi za shingo zinaponasa.

Sasa, mwezi uliopita jina lake likatoka ubaoni pale kambini, kwenye orodha ya wakimbizi wanaohamishiwa nchi za nje. Kanada. Watu wa safu yake yote walipiga vigelegele. Mimi pia nilipiga, tena kwa sauti, kisha nikaingia chooni nikalia. Deo alidhani nalia kwa furaha na huzuni. Nililia kwa sababu anapanda ndege na upawa wake na hajawahi kulipa. Miaka yote nilikuwa najiambia iko siku. Siku zilikuwa zimeisha. Kisasi changu kilikuwa kinapandishwa ndege kwenda mahali penye theluji, na mimi ningebaki hapa na meno yangu.

Nikamwambia Deo chakula cha kumuaga kifanyike kwangu.

"Mama Ombeni, uko na roho muzuri," akasema, akanikumbatia.

Wanaume wengine ukiwaweka mlangoni, mwizi ataingia akiwasalimu.

Nilifikiria mengi, shajara, na mengine sitayaandika. Nilifikiria chumvi. Nilifikiria pilipili ile ndogo. Nilifikiria kupika sufuria nzima ya shingo, shingo tupu, nimwekee mbele na kumwambia gawa tukuone. Hilo lilinichekesha siku nzima nikishona. Lakini hata hapo upawa ungekuwa mkononi mwake, na bado angegawa. Mimi nilitaka kumnyang'anya upawa bila kuugusa.

Ndipo nikakumbuka filé ya mama.

Filé ni ile nyama laini ya nguruwe inayolala ndani ya mgongo, kila upande mmoja, nyembamba na ndefu. Haijui kazi, ndiyo maana ni laini. Masista walikula wakati askofu anapokuja. Mama aliipika nzima, akaipaka asali na maji ya machungwa mpaka ikang'aa, na akaikata mwenyewe kwa kisu mezani. Haigawiwi kwa upawa, haikai kwenye mchuzi, na haina mfupa. Ukiitafuta mpaka kesho hutaona shingo ndani yake. Mwenye kisu ndiye mwenye kugawa, na mwenye kisu ni aliyepika.

Niliposhika wazo hilo nilisimamisha cherehani katikati ya mshono.

Tatizo ni kwamba hapa sokoni filé haipo. Nguruwe wapo kila Jumamosi, lakini muuza nyama ana shoka na gogo, anakata kushoto kulia, mgongo na mbavu na ngozi vinakwenda pamoja kwenye mfuko wako. Kwa hiyo jana nilikwenda mapema, kabla shoka halijaanza. Nilimkuta anafunga aproni.

"Amayi, mukufuna yopanda mafupa?" aliniuliza, kama nataka isiyo na mifupa, akacheka na mwenzake, kwa kuwa hapa mfupa ndio utamu wenyewe. Nikamwambia eee, hiyo hiyo. Nikaingiza mkono wangu ndani ya nguruwe wa watu, nikamwonyesha kwa kidole ilipolala. Aliitoa kwa kisu kidogo, akiguna. Nikachukua za nguruwe wa pili pia. Nilimwambia zikomo, asante ya hapa, kwa moyo wote, na njiani nikawa natembea kama mtu aliyebeba silaha chini ya kitenge.

Kupika kwenyewe ndiko kulikonifurahisha kuliko yote. Nakiri.

Nilitoa ule utando mweupe unaong'aa, maana ukiuacha nyama inajikunja. Nikasugua chumvi, vitunguu saumu na pilipili manga. Nikazifunga mbili mbili kwa uzi mweupe wa kushonea, mafundo ya fundi, yaliyopangwa sawa. Kila filé ina kichwa kinene na mkia mwembamba. Mama alikuwa anaukunja mkia chini na kuufunga, ili nyama yote iive kwa pamoja. Mimi mikia mitatu niliikunja. Mmoja nikauacha unaning'inia.

Mkia ule ulikuwa wa mtu.

Nilijua utakauka. Nilijua asali itaungua juu yake. Nilitaka akae mbele ya wadogo zake na sahani yenye kijikipande kikavu, akitafuna, na mimi nikiuliza, "Inashuka, Yaya?"

Sina tanuri. Nina mbaula mbili za makaa na sufuria nzito yenye mfuniko bapa. Nilikaanga nyama kwanza kila upande mpaka ikawa kahawia. Kwenye mbaula ya pili nilichemsha asali, maji ya machungwa, mutarde, ile haradali ya kopo, na tone la siki, nikikoroga mpaka ikawa nzito na kuvaa kijiko. Nikafunga majani ya vitunguu yakawa burashi, nikapaka. Nikafunika, nikaweka makaa juu ya mfuniko. Nikafunua, nikapaka tena. Harufu ikatoka uani ikaenda kwa majirani, na jirani wa nyuma akaita ukutani kuuliza nani anaoa.

Ombeni alinikuta nachezea viti. Kiti cha Yaya Vero nilikiweka mahali moshi wa uani unapoingilia. Sahani yake nilichagua ile yenye ufa.

"Mama, mbona unacheka peke yako?" akauliza.

Nikamtuma maji.

Walikuja jioni jua likiwa bado lipo. Yaya Vero alikuwa amevaa koti zito la kaunjika, mitumba ya hapa, alilonunua kwa ajili ya Kanada, linafika magotini, na hakulivua. Nyuma yake Bienfait na mkewe Aline. Aline ni Mrundi, wameoana Pasaka iliyopita hapo hapo Dzaleka. Ni msichana mwembamba anayecheka huku ameziba mdomo. Ameingia katika familia hii na bado anaomba ruhusa ya kukaa.

Yaya Vero alisimama mlangoni akanusa.

"Mama Ombeni, uko unapika nyama ao biskwi?"

"Nyama, Yaya. Karibu."

Akakaa kwenye kiti cha moshi. Akafungua mkoba, akafungua kitambaa, akaweka upawa mapajani. Akatazama meza. Kulikuwa na bugali, kulikuwa na sombe ya majani ya muhogo, na katikati palikuwa pamebaki wazi.

"Sufuria iko wapi?"

Nilikuwa nimelifanyia mazoezi jibu hili wiki nzima. Nilitabasamu kama mtu anayepigwa picha.

"Leo hakuna sufuria, Yaya. Leo weye ni mugeni wetu. Utapumzika."

Nikaleta filé kwenye ubao, nzima, zinang'aa. Bienfait akasema "Yesu wangu." Deo akavuta kiti. Nikashika kisu. Nilikata vipande vinene kama kidole gumba na kuanza kwa Aline, mdogo kuliko wote mezani baada ya watoto, ambaye alishtuka mpaka akatazama nyuma yake. Kisha watoto. Kisha Bienfait, kisha Deo. Kila mtu vipande sawa, kila kipande na ukingo wake wa kahawia. Nikajiwekea na mimi, katikati ya nyama, pale palipo laini kuliko pote. Ndipo nikamfikia Yaya Vero na kumwekea mkia.

Ulikuwa mweusi na mkavu, umejikunja. Ulilia ulipogusa sahani.

Hata watoto walielewa. Aliutazama mkia, akanitazama mimi, na nikajua amejua. Kwa muda wa pumzi moja nilikuwa na kila kitu nilichokitaka duniani.

Kisha akachukua uma, akaupitisha mkia wake bila kuugusa, akaenda moja kwa moja kwenye sahani ya Deo. Akageuza kipande.

"Hii nyama haiyaiva."

"Imeiva, Yaya. Iko vile."

"Iko na rangi ya pinki. Muangalie! Nguruwe ya pinki! Banataka kuniuwa na minyoo, mi naenda Kanada!"

Nilieleza. Nilisema ni filé, ndivyo inavyokuwa katikati, masista walikula hivi, askofu alikula hivi. Nilipotaja askofu Bienfait alirudisha uma mezani. Deo, mume wangu mwenye roho nzuri, alianza kuutazama bugali wake kana kwamba umeandikwa kitu.

Yaya Vero alikuwa ameshasimama. Alivua koti la Kanada, kwa mara ya kwanza tangu aingie, akakunja mikono ya blauzi. Akakusanya sahani zote, ya Aline, za watoto, yangu. Akatoka uani nazo. Nikamfuata na kisu mkononi nikakuta ameshageuza sufuria yangu nzito, ameshatia mafuta. Vitunguu vilikuwa kwenye kapu, nyanya zilikuwa kwenye kapu. Alikata nyama yangu vipande vidogo, kichwa na mkia na katikati vyote pamoja, pamoja na uzi mmoja niliosahau kuutoa. Akamimina nyanya. Akamimina maji. Maji, shajara! Juu ya asali yangu! Kisha akamimina na ile asali iliyobaki kwenye bakuli, akidhani ni mchuzi nilioshindwa kuumaliza.

Nilisimama pale nikatazama filé ya mama yangu inachemka kama maharage.

Ningeweza kusema neno. Nilikuwa kwangu, kwenye nyumba ninayolipia kwa sindano yangu. Sikusema. Ukikaa kimya miaka mingi, mdomo unasahau njia.

Sufuria ikarudi ndani ikatua katikati ya meza, pale nilipoacha wazi. Yaya Vero akavuta kigoda. Akaushika upawa.

Na hapo ndipo Mungu alinikumbuka.

Aliuzamisha. Akamgawia Deo. Akamgawia Bienfait. Akawagawia watoto. Kisha akachukua sahani yangu kwa mkono wa kushoto, akauzamisha upawa kwa mkono wa kulia, na nikaona mkono unafanya kile unachofanya siku zote: unatafuta. Ulipita chini ya sufuria, ukapanda, ukatoka na kipande laini kisicho na mfupa. Akakirudisha. Akazamisha tena upande wa pili. Kipande laini. Akakirudisha. Akainama akachungulia.

Aline akaanza kucheka. Aliziba mdomo kwa mkono mmoja, haukutosha, akaleta wa pili.

"Sasa," Yaya Vero akasema, na nadhani alisema kabla ya kufikiri, "shingo iko wapi? Mama Ombeni atakula nini?"

Alisema hivyo. Mbele ya wadogo zake, mbele ya binti yangu. Kwa mdomo wake mwenyewe.

Deo akainua kichwa. Alitazama upawa, alitazama sahani yangu tupu, na nilimwona mume wangu anafanya hesabu aliyokuwa hajawahi kuifanya. Akaweka uma wake chini. Bienfait akakohoa. Yaya Vero alibaki amenyanyua upawa hewani, mchuzi unadondoka juu ya kitambaa cha meza, na hakuwa na mahali pa kuuweka.

"Haina shingo, Yaya," nikasema taratibu. "Nilitafuta ile isiyo na shingo."

Akanijazia sahani. Vipande vilivyokuja ndivyo vilivyoingia. Alitia mpaka mchuzi ukamwagikia kidole gumba changu, ukaniunguza, na sikutoa mkono.

Na sasa niseme ukweli wa Mungu: ilikuwa tamu. Nyanya na asali na machungwa, vitunguu vimelegea, nyama inakatika kwa ulimi. Watoto waliramba sahani. Nilikasirika upya kwa sababu ya utamu ule. Hata nikishinda, mwanamke huyu lazima atie mkono wake!

Baada ya kula tulikutana jikoni, mimi naosha na yeye anakausha. Hatujawahi kukaa jikoni sisi wawili bila mtu wa tatu. Nilingoja msamaha. Nilikuwa nimeshapanga kuukataa.

"Weye unafikiri siyaona?" akaanza, akiukausha upawa wake polepole. "Miaka yote uko unanitafuna mu ile shingo. Minaona meno yako."

Niliendelea kusugua sufuria.

"Mi niliolewa kule Walungu ningali mutoto, sikuwa hata na maziwa ya kutosha kifuani. Mama mukwe wangu alinipa shingo mupaka siku alikufa. Hakuna mutu aliniuliza kama inashuka. Njo vile. Shingo inafundisha mwanamuke kukaa."

"Na mama yangu?" nikamwuliza. "Mama yangu alikula mabaki ya nani?"

Alijua nimesikia nini, na nyuma ya ukuta gani. Akageuza uso dirishani akasema, "Mama yako alijua kupika." Basi. Hilo ndilo nililopata.

Kisha akanisukumia upawa kifuani.

"Shika. Kule Kanada nitagawia nani? Bananiambia nyama inakuja mu plastiki, bameshaigawa."

Niliushika. Ni mwepesi kuliko nilivyodhani. Mkono wake umepindia upande wa kulia, na kidole gumba kinaingia penyewe pale ulipobonyea. Yaya Vero alivaa koti lake, akavifunga vifungo vyote mpaka shingoni, na hapo nikaona ni mfupi. Sijui ni lini alianza kuwa mfupi.

"Aline ni mudogo," akasema akitoka jikoni. "Ataizoea ile shingo."

Wote walilala kwangu, na asubuhi ya leo Deo amemsindikiza Yaya Vero kituoni arudi Dzaleka kufunga mizigo. Yaya aliniaga kwa kunishika mikono miwili, akasema nisiache nyama na damu. Nilicheka. Niliingia ndani nikasubiri ile furaha ije, ile niliyoipikia wiki nzima. Nimeshinda, sivyo? Amesema mwenyewe mbele ya watu. Deo hajaniangalia vilevile tangu jana, na kabla ya kutoka alifagia jiko, mwanamume ambaye hajui ufagio unakaa wapi. Upawa uko kwangu. Ningetaka nini tena?

Bienfait na Aline walibaki kwa sababu Bienfait alikuwa na mtu wa kumwona mtaa wa Chilinde. Nikapika kuku. Kuku wa kawaida, mchuzi wa kawaida, sufuria ya kawaida. Ilipotua mezani wote wakangoja, na nikaona wananingoja mimi.

Nikavuta kigoda.

Deo, paja. Bienfait, paja. Ombeni na wadogo zake, ini na vipande vya kifua. Nikajiwekea kidari, na hakuna aliyesema kitu. Ikabaki sahani ya Aline. Alikuwa ameishika kwa mikono miwili, anatabasamu, maana jana alikuwa mtu wa kwanza kupewa na labda alidhani dunia imegeuka. Nilizamisha upawa.

Sitasema uliingia wenyewe. Nyama nyingine ilikuwepo. Kulikuwa na bawa, kulikuwa na mgongo. Mkono wangu ulipita chini ya sufuria, ukapanda, ukagusa bawa, ukaliacha. Nilijua ninachokitafuta. Na nilipokihisi pale kwenye alumini, kile kitu chembamba chenye pingili, nilifurahi. Furaha yote niliyoingoja tangu asubuhi ilikuja kwa mpigo mmoja, moto, mpaka kwenye masikio.

Nikamtilia shingo. Nikaongeza mchuzi juu.

"Asante, Yaya," Aline akasema.

Hakuna aliyewahi kuniita Yaya.

Hakucheka tena mpaka chakula kikaisha. Alitafuna taratibu, pingili baada ya pingili, akizipanga ukingoni mwa sahani, na kila nilipoinua macho nilikuta ananitazama mdomoni. Alipomaliza aliosha vyombo vyote bila kuombwa. Upawa aliuosha mwisho, akaukausha vizuri sana, akauweka mbali na vingine.

Wameondoka sasa hivi. Upepo haujapungua. Upawa uko hapa kwenye cherehani, nimeufunga kwenye kitambaa, na bado kuna uzi wa nyama kati ya meno yangu ya nyuma, sijui ni wa lini.

Kesho nitashona zile sketi. Wiki ijayo nitapanda ndege ya Yaya Vero kwa macho tu, kisha siku ya kukutana familia itafika kama kawaida, na sufuria itatua chini.

Lakini leo kuna jambo moja linalonikataza kuinuka hapa nifagie. Yule mtoto, akiwa njiani kurudi Dzaleka na ulimi wake unachokonoa meno, ameshaanza kuwaza ni nyama gani haina shingo?